Si Moyo Uliomuua Maren

S.L.P. 41,
Lindvik, Minnesota.

Jumapili, 16 Septemba 2018.

Mpendwa mdogo wangu Berit,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako. Natumaini barua hii itawakuta wazima wewe na mumeo Osvald, na kwamba goti lake limepona tangu alipoteleza pale gatini. Mvua za huko Sitka nazijua kwa barua zako tu, lakini kila ukizitaja vidole vyangu vinasikia baridi.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Verlyn bado anakohoa asubuhi na bado anasema ni vumbi. Viazi sukari vitaanza kung'olewa mwezi ujao, naye ameshajiandikisha kuendesha lori tena, na miaka yake sitini na sita. Nimemwambia apumzike, akaniuliza apumzike afanye nini.

Soren ana miezi tisa. Ameota meno mawili ya chini na ananiuma bega nikimbeba. Nashinda naye Jumatatu mpaka Ijumaa. Jioni mkwe wangu Corwin akija kumchukua, mtoto humwinulia baba yake mikono na kunisahau papo hapo. Nafurahi kwa hilo, na linaniuma pia.

Barua yako niliipata Jumatatu. Nilifurahi sana kusikia kwamba Annika ameingia mwezi wa saba na mimba haimsumbui. Nimeisoma mara nyingi mpaka imekunjika. Umeniuliza mambo mawili ndani yake, nami nimechelewa kukujibu kwa sababu yote mawili yamenichoma, na wewe hukujua.

La kwanza, umeomba nikutumie ile diski ya darasa la utulivu, yenye sauti ya mwalimu, ili umpelekee Annika. Unasema Maren wangu alikusifia darasa lile kwenye simu, kwamba limemfanya apende kuwa mjamzito. La pili, unasema Annika na mumewe wamewaandikia ndugu wote kwamba mtoto akizaliwa hawataki mgeni kwa wiki sita, hata mama mzazi. Umeniuliza kama ni ujinga kuumia, ukamalizia kwamba lakini utaheshimu matakwa yao, maana hata Maren alijifungua kwa utulivu bila watu kumjazia nyumba.

Juzi Ijumaa nilikupigia simu mara mbili. Mara zote mbili ulipopokea niliongea habari za mvua na samaki, nikakuaga. Huenda ulishangaa. Nilikuwa nimepiga ili nikwambie jambo, likanishinda. Ndiyo maana naandika. Karatasi hainiangalii usoni.

Berit, haukuwa moyo. Mimi ndiye niliyekuambia kwamba moyo wa Maren ulisimama akiwa usingizini, na wewe ukalia na mimi kwenye simu, na ukaniandikia juu ya babu yetu ambaye naye moyo ulimwondoa akiwa kijana. Nilikuacha uamini. Maren alijitoa uhai mwenyewe, siku ya Jumamosi, tarehe tatu Februari, Soren akiwa na wiki saba. Aliugua ugonjwa ule wa akili unaowapata akina mama baada ya kujifungua, sonona, na hakuna hata mmoja wetu aliyeujua, kwa sababu hatukuingia ndani kuutazama. Wanaojua ukweli ni mimi, Verlyn, Corwin, mchungaji na wale waliokuja na gari. Kwenye tangazo la gazeti tuliandika "amefariki ghafla nyumbani kwake". Ghafla. Neno hilo nililichagua mimi.

Leo asubuhi nilimwambia Verlyn kwamba nakuandikia na kwamba nitasema yote. Alikuwa anafunga kamba za viatu. Alimaliza kuzifunga, akasema, "Andika. Mimi nisingeweza." Kisha akaenda nje kuangalia mafuta ya lori ambalo halijaguswa tangu mwaka jana.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, kwa utaratibu, maana nataka ulielewe jambo hili vizuri kuliko nilivyolielewa mimi.

Darasa lilikuwa kliniki, kila Alhamisi jioni, Alhamisi sita, Septemba na Oktoba. Kila mjamzito aje na mtu wa karibu. Corwin alikuwa kwenye malori ya viazi saa zote, kwa hiyo Maren akaniambia, "Mama, wewe ndiye mume wangu msimu huu." Verlyn alicheka sana aliposikia. Aliuliza kama siku hizi kuvuta pumzi nako kunafundishwa, na kama kuna mtu aliyewahi kufeli.

Mwalimu alikuwa mwanamke anaitwa Paulette, mkunga wa zamani, aliyehamia huku kutoka New Mexico kumfuata mumewe. Mpole, nywele nyeupe zimekatwa kama za mvulana. Siku ya kwanza alitugawia zabibu kavu moja moja. Tuishike, tuiangalie, tuinuse, tuisikilize, ndipo tuile polepole kama hatujawahi kuona zabibu. Mimi nilipopewa niliitia mdomoni na kuimeza, kama mtu yeyote angefanya. Maren aliniona. Alininong'oneza, "Mama, umeshaila? Hata haijasalimiwa." Tulicheka mpaka mikeka ikatikisika, na tumbo lake likatikisika. Paulette hakukasirika. Aliniletea zabibu nyingine.

Naikumbuka jioni ile kuliko harusi yake.

Alitufundisha vizuri, sitasema uongo. Alitufundisha kulala chali na kuifuata pumzi inavyoingia na kutoka. Wazo likija, usipigane nalo wala usilifuate. Liangalie, sema moyoni kwamba hili ni wazo tu, liache lipite. Maren ndiye aliyeshika haraka kuliko wote. Unakumbuka alivyokuwa mtoto, akilia akivunja kikombe, analia mpaka anatapika? Mtoto yule sasa alikuwa anakaa kimya dakika ishirini, mikono juu ya tumbo, uso umelainika. Usiku alikuwa analala na ile diski. Watu kanisani walianza kusema amebadilika, amekuwa mtulivu. Na mimi nikawa naitikia kwa majivuno kwamba ndiyo, tunasoma pamoja.

Alhamisi ya sita, tarehe ishirini na sita Oktoba, ilikuwa siku ya karamu ya samaki wa magadi kanisani kwetu, wale wakavu wa Kinorwe wanaolowekwa mpaka walainike. Unaijua karamu ile. Tangu nimeolewa sijawahi kuikosa, na viazi vyangu ndivyo vinavyoliwa. Maren alikuwa zamu ya kupaka siagi chapati za viazi, amekaa kwenye kiti kwa ajili ya tumbo. Hatukulifikiria mara mbili. Nilisema darasa tumeshalielewa, siku moja haitupunguzii kitu. Tukawalisha watu mia tatu. Maren aliwatania wazee kwamba samaki yule ananuka mpaka mtoto anapiga teke tumboni, kwa hiyo mtoto si wa Kinorwe. Mzee mmoja akamjibu asubiri, mtoto akizaliwa atanyonya siagi iliyoyeyuka, ile tunayommwagia samaki huyo.

Kesho yake Paulette alinipigia simu. Alisema tumekosa siku muhimu, siku ya mambo ya baada ya kuzaa, na kwamba anaweza kuja nyumbani kwangu Jumapili atufundishe sisi wawili kwa nusu saa.

Nikamwambia, "Hapana, usijisumbue."

Berit, wewe umezaliwa huku, unajua maana yake. Mtu akitukaribisha kahawa tunasema hapana, asante. Akirudia tunasema usijisumbue. Akirudia ya tatu ndipo tunasema basi, nusu kikombe, kama ipo tayari. Mama zetu walitufundisha hivyo na tukadhani dunia yote inafanya hivyo. Nilikuwa nasubiri Paulette arudie. Chumba nilikuwa nimeshakifikiria, na keki ya kumpa. Lakini yeye kwao mtu akisema hapana amemaanisha hapana. Alisema sawa, akanitakia mapumziko mema, akakata simu. Na mimi, utacheka, nilimwona hana adabu, ameuliza mara moja tu.

Soren alizaliwa tarehe kumi na tano Desemba, kilo nne kasoro kidogo. Maren alizaa akiifuata pumzi yake na hakupiga kelele hata moja. Wauguzi walimsifu. Corwin aliniambia wodini, macho yamemjaa machozi, kwamba hajawahi kuona mtu jasiri kama yule.

Maren na Corwin hawakuandika ujumbe kama wa Annika. Mimi ndiye niliyewaandikia. Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya kina mama, nikazungusha karatasi ya zamu ya chakula, na kwa siku arobaini na mbili hakukuwa na siku tupu. Nikasema wageni watamchosha, mwacheni mzazi apumzike. Nikaweka barazani kwao lile kasha letu la plastiki, la kubebea vinywaji ziwani, ili chakula kisigande na baridi, na juu yake nikabandika maandishi kwa mwandiko wangu mzuri: "Tafadhali msibonyeze kengele. Mama na mtoto wamepumzika." Nikachora na ua.

Watu wetu walitii. Wanatii sana watu wetu. Walipanda ngazi kwa kunyata, wakaweka bakuli, wakashuka. Wiki sita za nyama na viazi, wiki sita za mchuzi wa uyoga, na hakuna aliyemwona uso. Kila mmoja alijua kwamba mwenzake amepita jana.

Mimi nilikuwa napita zaidi ya wengine. Siku moja katikati ya Januari nilibonyeza kengele, nikijiambia kwamba maandishi hayanihusu. Alifungua mlango upana wa kiganja. Amevaa soksi mbili tofauti. Begani kuna doa la maziwa lililokauka. Maren, ambaye alikuwa anapasha soksi zake juu ya mlango wa jiko kila asubuhi na kuzipanga rangi kwa rangi.

"Uko sawa?" nikamuuliza.

"Niko sawa, mama."

"Niingie kidogo nimshike mtoto, uoge?"

"Ameshalala. Usijisumbue. Nenda, gari litaganda."

Swali la tatu lilikuwa mdomoni. Nalihisi mpaka leo, kama ile zabibu. Nikalimeza, nikaenda kwenye gari, kwa sababu sikutaka kuwa mama anayeingilia. Mama mkwe wake, yule wa Fargo, alikuwa na sifa hiyo ya kuingilia, na sisi tulimsema sana. Mungu anisamehe kwa kila nilichomsema. Yeye angeingia.

Ijumaa tarehe ishirini na sita Januari alikwenda kliniki kwa uchunguzi wa wiki ya sita. Walimpa karatasi yenye maswali kumi, ajaze kama anacheka, kama anajilaumu, kama analala. Corwin alikuwa amekaa pembeni yake, mtoto mapajani. Alijaza vizuri yote. Muuguzi akampongeza kwa utulivu wake. Corwin alinipigia kuniambia habari hiyo njema, nami nikamwambia Verlyn, Verlyn akasema kumbe kuvuta pumzi kunafaulisha.

Jumanne iliyofuata Maren alinipigia mwenyewe, saa nne asubuhi. Nilikuwa nachambua maharage. Tuliongea habari ya nepi, na habari ya theluji. Nikamuuliza anapenda nini Alhamisi, niweke kwenye kasha. Halafu akasema, kwa sauti ileile ya kuongelea nepi, "Mama, kuna wazo linanijia. Linanijia kila siku. Kwamba Soren angekuwa na maisha mazuri zaidi na mwanamke mwingine, mimi nisiwepo."

Nilifurahi, Berit. Hilo ndilo nisilomwambia mtu. Nilifurahi kwa sababu nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma darasa zima kasoro siku moja. Nikamwambia polepole, kwa sauti ya Paulette, "Hilo ni wazo tu, mwanangu. Liangalie, usilishike. Liache lipite."

Nilisikia mtoto analia mbali.

"Ndiyo," akasema. "Nilisahau. Asante, mama."

Alinishukuru. Hata hapo hakusahau kushukuru. Nilirudi kwenye maharage yangu nikijiona mama mwema. Siku nne baadaye hakuwepo.

Baada ya mazishi nilikwenda kumsafishia Corwin jikoni. Kwenye friji kubwa ya gereji nilikuta mabakuli kumi na tisa hayajaguswa, yameganda kama mawe, kila moja lina kipande cha plasta chini chenye jina la mwenyewe. Na kwenye droo ya meza nikakuta kadi za kuwashukuru wenye mabakuli, kumi na tisa, zimeandikwa, zimetiwa kwenye bahasha, zimebandikwa stempu. Kila kadi imetaja chakula chenyewe. Bi Gudrun alishukuriwa kwa ule mchuzi ambao kifuniko chake hakikufunguliwa. Corwin aliniuliza tufanye nini nazo. Nilizipeleka posta. Kanisani wakaniambia, Maren alikuwa na adabu mpaka mwisho, na alikuwa mtulivu sana.

Hakuna neno ninalolichukia sasa kama hilo. Wakilitamka natoka nje. Mabakuli niliyaosha, nikayarudisha kila mlango, na kila mlango niliambiwa niingie ninywe kahawa, nikasema hapana, na wao wakarudia, na mimi nikakataa ya pili, na ya tatu pia, mpaka wakabaki wananitazama.

Kwa muda mrefu chuki yangu yote nilimtupia Paulette. Alikuja kwenye mazishi, akakaa kiti cha nyuma, na sikumpa mkono. Mwezi wa nne nilikwenda kwake kumwambia maneno niliyokuwa nimeyapanga miezi miwili. Nilimwambia amemfundisha mwanangu kukaa kimya na sumu mdomoni. Nilimwambia amemfundisha kuangalia nyumba inaungua na kuhesabu pumzi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Hakujitetea. Alikwenda kwenye kabati akaniletea karatasi ya ile siku ya sita, ile tuliyoikosa kwa ajili ya samaki.

Juu kabisa imeandikwa: "Mawazo ambayo hatuyaachi yapite." Chini yake kuna machache tu. Wazo la kufa. Wazo la kwamba mtoto ni bora bila wewe. Wazo la kumdhuru mtoto. Kutolala hata mtoto akilala. Kisha maandishi makubwa: haya huyaangalii, haya unayasema, siku hiyohiyo, kwa mtu wako wa karibu. Na mtu wa karibu ameandikiwa sehemu yake upande wa pili: usimtulize, usimwache peke yake, piga simu, mpeleke kwa daktari, ni ugonjwa na una dawa.

Wengi wanapona, Berit. Paulette aliniambia hivyo akidhani ananifariji. Wanatibiwa, wanapona, wanalea watoto wao. Nilikaa kwenye kiti chake nikasoma upande wangu wa karatasi. Upande wangu ulikuwa na mistari minne.

Alisema, "Nilipaswa kuja hata uliposema hapana." Nikamwambia, "Nilikuwa nasubiri uulize tena." Tukalia wote wawili, kila mtu kivyake. Hatujawa marafiki. Lakini sasa tukikutana dukani tunasalimiana.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hili. Diski ninayo, na nimeitia kwenye bahasha hii. Sikuivunja, ingawa nilitaka. Pumzi haikumuua mwanangu. Lakini nimeiwekea na karatasi ya siku ya sita, na nakuomba Annika asome karatasi kwanza, pande zote mbili, na mumewe asome, na wewe usome.

Swali la pili. Uliuliza kama ni ujinga kuumia. Si ujinga. Ujinga ni kuheshimu. Nilikuwa nikimheshimu Maren alipokuwa anazama. Nenda Spokane kwa Annika. Usisubiri wiki sita, usisubiri hata moja. Kalale hotelini ukitaka, lakini kila siku mwone uso kwa macho yako, na mtazame soksi. Akisema hapana, kaa barazani. Akisema hapana tena, bado kaa. Atakuona kero, na mumewe atakuona kero, na watakusema kwa marafiki zao kama tulivyomsema yule mama wa Fargo. Wacha wakuseme.

Sasa jambo la mwisho, nalo ndilo lililonifanya nimalize barua hii leo na kesho niitume kwa njia ya haraka.

Jana mchana nilimpigia Annika mwenyewe. Sikukuomba ruhusa. Alipokea kwa furaha, "Mama mkubwa, leo jua limetokea wapi?" Akaniambia juu ya kitanda cha mtoto ambacho mumewe amekiunganisha kichwa chini, ikabidi akifungue tena, akanuna siku nzima. Tukacheka. Nikamuuliza mwenyewe anajisikiaje. Akasema vizuri tu. Nikamwambia kweli juu ya Maren. Yote, kama nilivyokuandikia, hata yale ya maharage. Nikamwambia, "Sikukupigia ili nikutishe. Nimekupigia nikuulize, na sitakata simu."

Sikukata. Nilikuwa nimesimama, nikakaa. Nilisikia anafunga mlango.

Halafu akasema, "Nalia garini kila asubuhi, mama mkubwa. Kabla sijaingia kazini. Nalia robo saa, najifuta, naingia. Miezi miwili sasa." Akasema hajui sababu. Akasema silo wazo la kufa, nilimuuliza waziwazi na akanijibu waziwazi, lakini kwamba hajisikii mtu. Na kwamba ule ujumbe wa wiki sita ni wake, mumewe aliupinga, yeye ndiye aliyeutaka, ili mtu yeyote asije akamwona alivyo. Hasa wewe. Amesema unamwona kama mtoto wako asiyekusumbua, na hataki kuliharibu hilo.

Ana miadi na mkunga wake Alhamisi. Ameniahidi atamwambia. Alhamisi jioni nitampigia kumuuliza kama amemwambia, na kama hakumwambia nitampigia mkunga mimi.

Aliniomba nisikwambie. Aliniomba mara mbili, akilia. Sikumwahidi, ingawa yeye anaweza kudhani nilimwahidi, kwa sababu nilisema tu, "Nimekusikia, mwanangu." Nilisema hivyo kwa makusudi. Sasa nimekwambia. Atajua ni mimi. Atanikasirikia, na pengine hatapokea simu yangu tena, na Krismasi hataniletea mtoto nimwone. Akikuuliza, usinisitiri. Mwambie mama mkubwa wako amekusaliti. Acha anichukie miaka mingi, anichukie mpaka awe na mvi.

Ukifika kwake utanijulisha. Mstari mmoja unatosha, kwamba umeingia ndani.

Nisalimie Osvald na umwambie atumie fimbo, si aibu. Nisalimie kaka yetu Halvor akipita huko na boti, na mwambie na yeye ukweli, sitaki tena kuuficha. Verlyn anakusalimu. Corwin anakusalimu. Soren hajui kusalimu, ila nimemshikisha kalamu na mkwaruzo ulioko pembeni ya ukurasa huu ni wake.

Mungu amlinde Annika na aliye tumboni mwake, na akupe wewe ukaidi ambao mimi sikuwa nao.

Ni mimi dada yako ninayekupenda, na ambaye safari hii hakukuficha kitu,

Ardis